Mafuta ya Jumatatu

Jumamosi saa mbili asubuhi, dereva wa gari la wagonjwa alitandika shuka kuukuu uani, akapanga juu yake bisibisi mbili, spana, koleo, tochi na kipande cha sabuni. Kisha akaingia nyuma ya gari kwa magoti na kung'oa kiti cha wasindikizaji. Chini ya kiti kulikuwa na vumbi la miaka kumi na moja, kifungo cha shati, na kifuniko cha bati kilichofungwa kwa skrubu sita. Skrubu tano zilikubali kwa hiari. Ya sita aliitukana, nayo ikakubali.

"Matusi yabakize, wifi," alisema wifi yake kutoka barazani. "Siku bado mbichi, na hiyo ni skrubu tu."

Wifi huyu alikuwa fundi redio. Alikuwa dada wa marehemu mume wa dereva, na kaka yake alipofariki watu walidhani angefungasha virago. Hakufungasha. Alisema aliyehama ni kaka, yeye bado yupo. Tangu hapo wanawake hao wawili waliishi nyumba moja, wakitaniana asubuhi na jioni, na kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba anamvumilia tu.

Gari lilikuwa likilala pale uani siku zote, kwa sababu wagonjwa hawana saa na dereva alitakiwa awe karibu nalo. Safari hii lilikuwa limeletwa kwa kuvutwa na kamba, tangi lake likiwa kavu.

Jumatano iliyopita lilizimika katikati ya kilima, likitoka kituoni kwenda hospitali kubwa, limembeba mke wa muuza maziwa, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Halikuwaka tena. Dereva alisukuma peke yake, akapiga simu, akasimama katikati ya barabara na kupunga shuka ya machela. Gari la kwanza kusimama lilikuwa lori la mchanga, na liliposimama yule mwanamke alikuwa amekwisha kata roho, yeye na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Dereva alimfunika kwa shuka ile ile aliyokuwa akiipunga.

Ijumaa aliitwa ofisini na Katibu wa kituo cha afya. Katibu alimpa barua iliyokwisha kuchapwa, imebaki sahihi tu. Barua ilisema: Mimi dereva nakiri kwamba sikujaza mafuta, wala sikutazama mshale wa mafuta. Akitia sahihi angestaafu kimya kimya, maana alikuwa amebakiza miezi saba. Akikataa, angefukuzwa Jumanne mbele ya kamati, na mwenye msiba angeambiwa rasmi ni nani aliyemuulia mke. Katibu aliyasema haya yote kwa upole, huku akimsogezea kalamu.

"Mafuta nilijaza Jumatatu," dereva alisema. "Nilisimama pale pampuni mpaka yakataka kumwagika. Na mshale ni mbovu, Bwana Katibu, na wewe unajua."

"Kitabu cha ukaguzi kinasema ni mzima."

Kitabu kilisema hivyo kweli. Kila mwezi kwa miaka sita mtu aliandika "mshale: mzima" bila hata kufungua mlango wa gari, na kila mwezi mshale ulikuwa umelala kwenye alama ya tupu. Madereva walikwisha zoea. Walikuwa na njia yao: kila asubuhi kabla ya kuwasha, unalisukuma gari kwa nyonga upande wa tangi, unatega sikio. Mafuta mengi hujibu kwa uzito. Machache hupiga kelele, maana debe tupu haliachi kuvuma. Njia hiyo haikuwahi kumdanganya mtu aliyeifuata.

Jumatano ile dereva hakuifuata. Usiku wa Jumanne Katibu aliagiza gari lilale kituoni kwa ajili ya ukaguzi, na asubuhi dereva alilikuta palepale alipoliacha. Alikuwa amelijaza mwenyewe, na kwa alivyojua gari halikwenda popote. Nyonga ya nini? Swali hilo lilimkaa kifuani tangu kilimani, na lilimuuma kwelikweli, hasa wakati wa kula. Lakini kuumwa moyo ni jambo moja, na kutia sahihi uongo wa mtu mwingine ni jambo jingine. Aliirudisha kalamu mezani, akatia barua mfukoni, na njiani akakata kauli kwamba atalifungua gari mwenyewe, aone huo uzima wa mshale umejificha wapi.

"Tuanze na fyuzi," wifi alisema, akija na mita yake ya kupimia umeme na stuli. Fyuzi ilikuwa nzima. "Haya, zungusha ufunguo, lakini injini usiwashe."

Dereva alikaa mbele na kuzungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka. Nyuma, wifi alichomoa waya ulioingia tangini, akaugusisha kwenye bati la gari.

"Sasa?"

"Umepanda! Umepanda mpaka juu, wifi, mpaka umegonga!"

"Usipige kelele kama unauza samaki. Basi mshale hauna kosa, na waya hauna kosa. Ugonjwa uko ndani ya tangi."

Walilegeza pete ya mdomo wa tangi, wakakivuta nje taratibu kifaa cha kupimia mafuta: mkono mwembamba wa chuma wenye boya la shaba mwishoni, dogo kama yai. Kazi ya boya ni kuelea juu ya mafuta. Mafuta yakipanda linapanda nayo, yakishuka linashuka, na mshale kule mbele unafuata. Wifi alilitikisa karibu na sikio, likalia chubwi. Boya lililomeza mafuta haliwezi kuelea. Linazama chini ya tangi na kukaa huko, hata tangi lifurike. Wifi alilitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, na vipovu vikaanza kutoka mahali pamoja, kwenye ufa mwembamba kuliko unywele.

"Ndiyo huu," dereva alisema. Alihisi machozi yakimlenga na akakasirika nayo. "Miaka sita yao ya 'mzima' ndiyo hii. Nitalibeba hivihivi mpaka mbele ya kamati."

"Likiwa na ufa?"

"Huo ufa ndio ushahidi."

Wifi alimtazama kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila nguo. Alikuwa na sheria moja maishani: kifaa kikishafunguliwa mikononi mwake hakirudi kibovu. Rafu yake ilijaa redio za watu waliokufa au waliohama kabla ya kuja kuzichukua, na zote zilikuwa zimepona. Alisema akipeleka kitu kibovu mbele za watu, watu watamuuliza fundi alikuwa wapi. Dereva alibisha, lakini si sana. Naye alikuwa na ugonjwa huohuo. Akiona mlango umelegea bawaba katika nyumba ya mtu, hata msibani, aliomba bisibisi.

Basi walikausha boya, wakalianika juani mpaka lisibaki hata harufu, na wifi akauziba ufa kwa tone moja la risasi ya kulehemu. Ilikuwa kazi safi. Walijaribu mkono kwa mita. Ulipopanda namba zilibadilika, uliposhuka zilirudi. Wakarudisha kila kitu mahali pake, skrubu kwa skrubu. Dereva akazungusha ufunguo.

Mshale ulipanda polepole mpaka robo tatu, ukatulia hapo.

Walikaa wakiutazama. Tangi lilikuwa kavu. Dakika kumi zilizopita wifi alikuwa ameingiza mkono na kulifuta kwa kitambaa. Walirudia kipimo cha fyuzi, wakarudia cha waya, wakasugua kwa msasa mahali waya unapokutana na bati. Robo tatu. Dereva akaazima petroli ya jirani, lita tano, wakaimimina tangini. Mshale haukuitambua.

"Petroli hii si yake," wifi alisema.

"Yake ipi?"

"Ya Jumatatu." Wifi alifuta mikono kwa sabuni na maji, kidole kimoja kimoja. "Kifaa ni kizima, wifi. Kinasoma mafuta yake. Si kosa lake kama mafuta yamehama."

Dereva aliona maelezo hayo yanatosha. Vifaa vya zamani vilitengenezwa na watu makini, na kama kimoja kimekunywa mafuta miaka sita, hapana shaka kimeyafahamu. Swali lililobaki lilikuwa la kawaida kabisa: yamehamia wapi?

Saa saba mchana umeme ulikatika, kama ulivyokuwa ukikatika kila siku kuanzia saa saba hadi kumi na mbili jioni. Redio zilizokuwa zikijaribiwa barazani zikanyamaza. Mtaa mzima ulikuwa kimya, isipokuwa huko juu, karibu na mwisho wa barabara, ambako jenereta moja lilianza kunguruma. Dereva alikuwa bado amekaa kwenye usukani na sahani ya chakula magotini. Aliona mshale ukitikisika kidogo, kisha ukaanza kushuka. Ulishuka kwa upana wa unywele, ukapumzika, ukashuka tena. Saa kumi na mbili taa zilirudi, jenereta likazimwa, na mshale ukasimama.

"Kesho tutapima," wifi alisema. "Fundi hasemi mpaka amepima."

Jumapili saa saba na nusu wifi alivaa viatu vyake vya kutokea, akachukua bisibisi na simu, akapanda barabara taratibu. Dereva alibaki garini, ufunguo umezungushwa, simu sikioni.

"Nimefika kwa fundi cherehani. Kimya hapa. Sasa?"

"Unashuka."

"Nimepita duka. Nimefika kwenye geti la kijani. Jenereta liko humu."

Geti la kijani lilikuwa la Katibu. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini, ameegemeza kiti ukutani, redio mapajani. Redio hiyo iliwahi kupita mikononi mwa wifi, kwa hiyo alimpokea kwa heshima zote.

"Jenereta lenu linakohoa," wifi alimwambia. "Lizime kidogo nilisikilize."

"Siwezi kulizima kwa muda mrefu, mama. Kuna mashine ya kutotolesha vifaranga ndani, ya mke wa Katibu. Mayai mia sita. Yakipoa tu, mimi ndiye nitakayeatamia."

"Nusu dakika."

Mlinzi akalizima. Ndani ya simu sauti ya dereva ilisema, "Umesimama." Mlinzi akaliwasha. Sauti ikasema, "Unashuka." Wakafanya hivyo mara tatu, maana wifi hakuamini kipimo cha mara moja, na mara zote tatu majibu yalikuwa hayohayo.

"Limepona?" mlinzi aliuliza.

"Halikuwa na ugonjwa. Mafuta yake mazuri. Mliyaleta lini?"

"Usiku wa Jumanne, vidumu vinne. Mimi sikuuliza. Mimi nalinda geti, silindi mafuta." Alipunguza sauti ya redio, akafikiri kidogo. "Yalikuja na gari la wagonjwa. Nilidhani kuna mtu anaumwa."

Jioni ile dereva hakula. Wifi alidhani ni huzuni, akamwekea chai, lakini haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira safi, isiyo na takataka ndani yake, ya kumfanya mtu akae wima. Kwa siku nne alikuwa ametembea na zigo la mtu mwingine kichwani, na zigo hilo sasa lilikuwa na anwani, tena geti la kijani. Alitoa ile barua mfukoni, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa stuli iliyokuwa ikiyumba. Stuli ikatulia.

Kamati ilikutana Jumanne saa nane mchana, ghorofani, katika chumba cha mikutano cha kituo. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miwani mizito na sauti iliyozoea kutiiwa. Katibu aliketi pembeni yake kuandika kumbukumbu. Nje kwenye benchi alikaa muuza maziwa, kijana wa miaka thelathini hivi, na kando yake baiskeli yenye madumu mawili matupu. Alikuwa ameitwa aje kusikia.

Dereva alisema hatazungumza ghorofani. Alisema gari liko chini ya dirisha, na aliomba kamati ishuke. Mwenyekiti alitazama saa yake, akasema kamati inayo mamlaka ya kushuka ngazi, wakashuka.

Wifi alikuwa amesimama kando ya gari na mita yake begani, amevaa viatu vya kutokea. Wajumbe walijipanga kwenye dirisha la dereva kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari wa meno. Dereva akazungusha ufunguo. Mshale ulipanda mpaka karibu na nusu, ukatua, kisha ukaanza kushuka, unywele kwa unywele.

"Unashuka, na injini haijawashwa," alisema mjumbe mmoja.

"Ndiyo," dereva alisema. "Tangi la gari hili lina lita mbili tatu za jirani yangu. Mafuta mnayoyaona kwenye mshale ni yale niliyojaza Jumatatu ya wiki iliyopita. Yalinyonywa usiku wa Jumanne hapa hapa kituoni. Sasa hivi yako kwenye jenereta nyumbani kwa Bwana Katibu, yanatotolesha vifaranga."

Wote wakamgeukia Katibu. Katibu hakukana. Alisema kwa upole wake uleule kwamba mayai yako siku ya kumi na tisa, na siku ya kumi na tisa ndiyo mbaya kuliko zote. Joto likikatika sasa, jasho la wiki tatu linapotea. Alisema mafuta alikusudia kuyarudisha. Mwenyekiti akamwomba apige simu nyumbani jenereta lizimwe kwa dakika moja, kwa kuwa kamati inapaswa kujiridhisha. Akapiga. Mshale ukasimama. Akapiga tena. Mshale ukaendelea. Mjumbe aliyekuwa nyuma alisema hakuona vizuri, ikabidi warudie.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Kwa hiyo mshale unafanya kazi," alisema.

"Unafanya kazi," wajumbe wakakubali.

"Vizuri sana, tena," aliongeza yule wa nyuma.

"Basi iandikwe hivi. Kamati imejionea kwa macho kwamba mshale wa mafuta ni mzima, kama kitabu cha ukaguzi kilivyosema. Kwa hiyo dereva hakuwa na sababu ya kutoutazama." Katibu aliandika yote hayo, akiwa ameweka karatasi juu ya boneti.

Wifi alitazama mikono yake. "Ningeliacha boya na ufa wake," alisema polepole. "Wifi, nimekumaliza kwa lehemu yangu mwenyewe."

"Kazi yako ilikuwa safi," dereva alisema. "Wasiojua kazi ni hawa." Kisha akamgeukia mama wa miwani. "Mwenyekiti, umeona mafuta yako wapi."

"Nimeona."

"Na umeona nani kayachukua."

"Nimeona, mwanangu. Lakini ajenda ya leo ni mshale."

Katibu akatoa nakala nyingine ya barua, maana ya kwanza ilikuwa kazini chini ya stuli, akamsogezea dereva pamoja na kalamu. Dereva aliisoma tangu mwanzo hadi mwisho, bila haraka, wakati wajumbe wakimngoja juani. Akamrudishia.

"Nilijaza," alisema. "Hamna mtu hapa, hata mmoja, asiyejua sasa kwamba nilijaza. Mkitaka sahihi chini ya uongo, mnazo kalamu tano. Gawaneni."

Mwenyekiti akasema basi amefukuzwa kuanzia leo, akabidhi gari kabla ya ofisi kufungwa. Hakusema kwa ubaya. Wajumbe wakapanda ngazi kwenda kunywa chai.

Muuza maziwa alikuwa ameyasikia yote kutoka kwenye benchi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi. Wifi akasogea kando na kujifanya anakagua tairi. Ufunguo ulikuwa bado umezungushwa, na wote wawili wakawa wanautazama mshale.

"Mama," kijana alisema, "hayo yanayoungua sasa hivi. Yangewafikisha?"

Dereva angeweza kumwambia kwamba hajui. Ingekuwa huruma, na huruma ya aina hiyo haikuwa kazi yake.

"Yangetufikisha," alisema. "Kwenda na kurudi, na kwenda tena."

Kijana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei.

"Na jambo jingine," dereva alisema. "Tuna desturi ya kuligonga gari asubuhi tusikilize tangi. Siku ile sikuligonga. Hilo si la Katibu, hilo ni langu, na nitakaa nalo. Nimetaka ulisikie kwangu, usilisikie ghorofani."

Muuza maziwa alilia bila kujificha, viganja vikiwa juu ya magoti, na dereva alilia naye, na mshale uliendelea kushuka. Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wa shati. "Ungeligonga, ungejaza," alisema. "Wao wameona, na wamekwenda kunywa chai."

Saa tisa na nusu waliingia wote watatu katika ofisi ya karani, chini ya ngazi. Karani alikuwa mzee mkimya mwenye wino kidoleni. Alimpa dereva fomu ya makabidhiano: aina ya kitu, tarehe, hali yake. Dereva aliijaza akiwa amesimama. Kwenye hali aliandika: Mshale mzima. Tangi lina lita mbili tatu za jirani. Mafuta yapo nyumbani kwa Katibu, chini ya nusu na yanapungua, yanapasha joto mayai mia sita, siku ya kumi na tisa. Yaliibwa usiku wa Jumanne. Jumatano mtu alikufa kwa kuyakosa, yeye na mtoto. Akatia sahihi yake yote, jina la kwanza na la baba na la babu.

Karani aliisoma mara mbili, mdomo ukitembea. Hakuna alipokosea, kwa hiyo akagonga muhuri wa kupokelewa, akavuta droo na kuilaza humo. Droo ilikuwa imejaa. "Hizi ni za waliokutangulia," alieleza. "Huyu aliandika kuhusu matairi. Huyu, nesi, kuhusu glovu. Huyu kuhusu damu." Aliisukuma droo kwa goti na haikufunga.

"Nani huzisoma?" wifi aliuliza.

"Mimi."

Muuza maziwa alisogea mezani. "Na mimi naomba fomu."

"Wewe unakabidhi nini?"

"Mke," kijana alisema. "Na mtoto. Niliwaleta hapa Jumatano asubuhi wakiwa hai."

Karani alifikiri. Alitazama fomu, kama ina mahali pa kitu cha namna hiyo, akaona mahali papo: aina, tarehe, hali. Akachomoa mbili, akampa pamoja na kalamu yake mwenyewe. Kijana aliketi na kuanza kuandika. Alikuwa mwandishi wa polepole, na alikuwa na mengi. Dereva alivuta kiti akaketi kushoto kwake, wifi akaketi kulia, akaweka mita yake juu ya meza.

Kengele ya saa kumi ililia. Kwenye ngazi wakasikika wajumbe wakishuka, wakiagana, na nje sauti ya upole ya Katibu ikiuliza funguo za gari ziko wapi. Karani alisimama, akachukua kufuli kwenye msumari, akasema kwamba sasa ofisi inafungwa.

"Fungeni," dereva alisema. "Sisi tumo ndani."